KIPOKEZI AU KIPOKEAJI? Uhakiki wa Istilahi za Upashaji Habari Ndani ya Seli

Utangulizi

Istilahi hupimwa kwa vipimo viwili. Kwanza hutazamwa kama imefuata kanuni za lugha, yaani kama yatamkika, kama yakubali viambishi, na kama yaweza kuzaa maneno mengine. Kipimo hiki tumekizoea. Kipimo cha pili hutumika kwa nadra: je, msomaji asiyelijua jambo lenyewe, akilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza, atajenga picha gani akilini mwake? Ikiwa picha hiyo ni ya uongo, neno litakuwa limemfundisha uongo kabla mwalimu hajafungua kinywa.

Makala haya yanakusudia kukitumia kipimo hicho cha pili katika fungu dogo la istilahi za elimuviumbe, yaani zile zinazoeleza jinsi seli inavyopata habari kutoka nje na kuitendea kazi. Tumelichagua fungu hili kwa sababu mbili. Kwanza, karibu theluthi moja ya dawa zilizoidhinishwa kwa matumizi ya binadamu hufanya kazi kwa kupitia vipokezi vya ukoo mmoja tutakaoueleza hapa. Kwa hiyo maneno haya hayabaki katika vitabu vya chuo kikuu, bali hufika katika karatasi za maelezo ya dawa, katika mabango ya zahanati, na katika mazungumzo ya daktari na mgonjwa. Pili, tafsiri zinazomjia mfasiri upesi katika fungu hili aghalabu hupotosha, tena hupotosha kwa namna inayofanana.

Jambo lenyewe

Haifai kuhakiki jina kabla ya kukijua kinachoitwa. Tuchukue mfano wa adrenalini. Mtu akikurupushwa na nyoka njiani, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni hiyo katika damu. Homoni hufika kwenye ini, na punde ini huanza kuvunja akiba yake ya glikojeni na kutoa glukosi, ili misuli ipate nguvu za kukimbia. La ajabu ni kwamba adrenalini haikuingia ndani ya seli za ini. Iligusa tu protini iliyotungwa katika utando wa seli, ambayo uzi wake huupita utando huo mara saba, nje na ndani, mithili ya uzi wa mshonaji. Adrenalini inaposhika upande wa nje, protini hiyo hubadilika umbo, na badiliko hilo hutokeza upande wa ndani.

Huko ndani ipo protini nyingine, nayo ni protini-G, yenye sehemu tatu: alfa, beta na gama. Ikiwa imetulia, sehemu ya alfa huwa imeshika molekuli iitwayo GDP. Kipokezi kilichobadilika umbo huifanya iiachie GDP, na mahali pake huingia GTP, ambayo imejaa tele katika seli. Herufi G katika majina yote haya inatokana na guanini. Alfa ikisha kupata GTP hujitenga na wenziwe, ikaenda kukiamsha kimeng'enya kilichomo katika utando, nacho huanza kutengeneza AMP ya umbo la pete kutokana na ATP. AMP hiyo husambaa ndani ya seli na kuamsha kimeng'enya kingine, nacho huamsha kingine, mpaka kile kinachovunja glikojeni. Katika safari hiyo habari huzidi kukua, kwa kuwa kipokezi kimoja huamsha protini-G nyingi, na kimeng'enya kimoja hutengeneza molekuli nyingi za AMP. Mwishowe alfa yenyewe huikata GTP ikawa GDP, hurudi kwa beta na gama, na kutulia kama awali.

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja. Earl Sutherland na wenzake nchini Marekani waliigundua AMP hiyo katika miaka ya 1950, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1971. Martin Rodbell alionyesha kwamba kati ya kipokezi na kimeng'enya lazima pawe na kiungo cha tatu kinachohitaji GTP, na Alfred Gilman na wenzake wakakitenga kiungo hicho. Wawili hao walituzwa pamoja mwaka 1994. Kipokezi chenyewe kilikaa muda mrefu kama dhana tu. Mwaka 1986 Robert Lefkowitz, Brian Kobilka na wenzao walitangaza kuipata jeni ya kipokezi kimoja cha adrenalini, na ikadhihirika kwamba kipokezi hicho ni ndugu wa rodopsini, protini ya jicho ihusikayo na mwanga. Lefkowitz na Kobilka walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2012. Leo yajulikana kwamba binadamu ana vipokezi 800 hivi vya ukoo huu, na karibu nusu yake ni vya kunusia.

Jambo ndilo hilo. Sasa tutazame majina.

Kipokezi si kipokeaji

Maneno mawili yanashindania nafasi moja: kipokezi na kipokeaji. Kwa haraka yaonekana ni mamoja, kwani yote yatokana na kitenzi pokea. Lakini msemaji wa Kiswahili hayasikii kuwa mamoja. Mpokeaji ni yule ambaye jina lake limeandikwa juu ya bahasha. Barua ikimfika, safari yake imekwisha. Kipokeaji basi ni kitu kilichoishia na mzigo mkononi. Msomaji aliyeambiwa kwamba seli ina vipokeaji vya adrenalini atadhani kwamba adrenalini huchukuliwa, ikaingizwa, ikawekwa ndani. Hilo silo linalotokea.

Neno kipokezi lina jamaa wengine. Lipo mapokezi, pale penye meza katika kila ofisi na kila hospitali. Mgeni afikapo mapokezi haingii chumbani mwa mkubwa. Hueleza shida yake, huketi kwenye benchi, na habari yake ndiyo inayopelekwa ndani. Lipo pia pokezana, kama katika mbio za vijiti, ambamo kila apokeaye hupokea ili ampe mwenzake. Ukichanganya picha hizo mbili umeipata kazi ya protini hii: mgeni hubaki nje, habari huingia, na kila aliyepewa hupokeza.

Mwanasarufi atapinga. Atasema kwamba -zi katika kipokezi ni ile ile ya mlezi kutokana na lea, mchukuzi kutokana na chukua, na mwokozi kutokana na okoa, wala haina uhusiano na pokeza. Kwa historia ya lugha ana haki. Hata hivyo istilahi haiishi katika historia yake, huishi katika masikio ya watumiaji. Mwanafunzi asikiapo kipokezi husikia mapokezi na kupokezana, na yale anayoyasikia yanamwongoza vema. Kati ya maneno mawili yaliyo halali kisarufi, hatuna budi kuchagua lile ambalo jamaa zake husema kweli.

Yafaa kuongeza tahadhari moja. Si kila homoni hubaki nje. Kortisoli na estrojeni huweza kupenya utando na kukuta vipokezi vyao ndani ya seli. Neno kipokezi peke yake lahusu aina zote mbili. Ndiyo maana ukoo wetu huu wahitaji jina lake kamili, na hapo ndipo matatizo makubwa yalipo.

Hatari ya kiunganishi -a

Jina linalotumiwa na wataalamu duniani lasema kwamba vipokezi hivi vimeshikamana kikazi na protini-G. Mfasiri mwenye haraka ataandika "kipokezi cha protini-G". Ni fupi, ni tamu, na ni kosa kamili. Katika Kiswahili cha fani hii, tusemapo kipokezi cha adrenalini twamaanisha kipokezi ambacho adrenalini hukishika, na tusemapo kipokezi cha histamini twamaanisha hivyo hivyo. Basi kipokezi cha protini-G kitakuwa kile kinachoshikwa na protini-G kutoka nje, kana kwamba protini-G ndiyo mgeni aliyeketi kwenye benchi! Neno dogo la silabi moja limeigeuza seli, nje ikawa ndani.

Mfasiri mwangalifu zaidi ataandika "kipokezi kilichounganishwa na protini-G". Hapa kiunganishi hakileti madhara, ila kitenzi ndicho kinachodanganya. Vitu vilivyounganishwa, kama mabehewa ya garimoshi, hukaa pamoja na kwenda pamoja. Lakini kipokezi na protini-G hukutana na kuachana, na katika kuachana huko ndimo habari inamopita. Kipokezi kimoja kilichoamka huweza kuishughulikia protini-G moja, kisha nyingine, kisha nyingine. Lau kingalikuwa kimefungwa na moja tu, habari isingekua hata kidogo. Kwa hiyo neno "kilichounganishwa" huficha lile lile ambalo mwanafunzi anapaswa kulielewa.

Njia ya kutoka tunayo katika lugha yenyewe, wala haina haja ya kuazimwa. Kiswahili huunda majina ya vyombo kwa kutanguliza kitenzi na kufuatisha kitendwa: kipimajoto, kinasasauti, kipazasauti. Chakula cha asubuhi huitwa kifunguakinywa, na nchini Kenya kiamshakinywa. Kwa mtindo huo twapendekeza kipokezi kiamsha protini-G. Jina hili lataja kazi, laonyesha nani amtenda nani, na halisemi kwamba wawili hao wamefungwa pamoja.

Tumechagua amsha kwa makusudi. Kinachosukumwa huenda kwa nguvu ya msukumaji, bali kinachoamshwa hutenda kwa nguvu zake chenyewe, na baadaye hulala chenyewe. Protini-G ndivyo ilivyo. Kipokezi hakiipi nguvu. Kinaifungulia tu nafasi ya kubadilisha GDP kwa GTP. Na muda wa kukaa macho huamuliwa na protini yenyewe, kwa kuikata GTP iliyoishika. Zipo protini nyingine zinazoihimiza kukata upesi, lakini mkataji ni yeye.

Upokezano, kijumbe na pete

Tendo zima la habari kutoka nje ya seli hadi ndani huelekea kuitwa "usafirishaji wa ishara". Neno hili lafaa kwa magunia ya korosho, kwa maana gunia lipakiwalo Mtwara ndilo lishushwalo Dar es Salaam. Ndani ya seli hakuna kitu kimoja kinachosafiri mwendo huo wote. Adrenalini yaishia mlangoni, badiliko la umbo laishia kwenye protini-G, alfa yaishia kwenye kimeng'enya, na AMP yaendelea. Mwingine ataona "tafsiri ya ishara" ni bora, lakini neno tafsiri lafaa kuachiwa kazi nyingine katika elimu ya jeni, yaani pale seli inapoisoma RNA na kutunga protini. Basi twapendekeza upokezano wa ishara. Katika mbio za vijiti kijiti hakibadiliki, na katika seli hubadilika kila mkono. Kasoro hiyo twaikubali, na mwalimu aitaje darasani.

AMP hupewa cheo cha mjumbe wa pili. Kwa raia wa Tanzania mjumbe ni mtu mwenye kauli yake, kama mjumbe wa kamati au mjumbe wa nyumba kumi. Tarishi yu karibu zaidi na maana, kwani hupeleka asichokiandika. Lakini mjumbe na tarishi wote huleta upatanisho wa watu, na mwandishi hujikuta akisema kwamba molekuli "anasambaa". Lugha yetu ina kijumbe, yaani mtu anayetumwa kwa siri kati ya pande mbili zisizoonana. Likihamishiwa vitu, hukaa bila taabu katika ngeli ya ki-vi: kijumbe cha pili kinasambaa. Maneno "cha pili" yasiachwe hata mara moja, maana ndiyo yanayomkumbusha msomaji kwamba kijumbe cha kwanza kilibaki nje.

Kuhusu umbo la AMP hiyo, tafsiri ya "AMP ya mzunguko" yafaa kukataliwa kabisa. Mzunguko twaujua kwa damu, na kwa fedha pia. Msomaji ataamini kwamba AMP hiyo huzunguka mwilini, hali molekuli hii imeitwa hivyo kwa sababu sehemu yake moja imejifunga kama pete. AMP-pete yatosha, tena ni fupi.

Kiamshi na kizibo

Sasa twafika mahali ambapo neno baya laweza kumwumiza mtu. Dawa zinazoshika vipokezi ni za namna mbili kubwa. Za kwanza hushika na kuamsha, kama homoni yenyewe. Za pili hushika bila kuamsha, zikaizuia homoni isipate pa kukaa. Za kwanza zimeitwa "vichocheo", lakini kichocheo limekwisha kutumika kwa vitu viharakishavyo mabadiliko ya kikemia, na wengine hulitumia hata kwa homoni. Za pili zimeitwa "vipinzani", jina linaloleta picha ya dawa inayopigana na homoni katika damu. Dawa hizi hazipigani na homoni. Zimekalia kiti chake tu.

Twapendekeza kiamshi kwa ya kwanza na kizibo kwa ya pili. Kiamshi chakubaliana na kipokezi kiamsha protini-G, hata mlolongo mzima ukasomeka kwa kitenzi kimoja: kiamshi huamsha kipokezi, kipokezi huamsha protini-G, protini-G huamsha kimeng'enya. Chazaa pia kiamshi kamili na kiamshi pungufu, kwani dawa nyingine huamsha nusunusu. Kizibo kila mtu amekiona katika mdomo wa chupa: hakifanyi neno lolote ila kujaza nafasi.

Tofauti hii si ya kupendezesha lugha. Salbutamoli, dawa ya pumu, ni kiamshi cha vipokezi vya beta-2 vilivyomo katika njia za hewa. Ikivishika, misuli ya njia hizo hulegea na mgonjwa akapumua. Propranololi, iliyotokana na kazi ya James Black nchini Uingereza katika miaka ya 1960, ni kizibo cha vipokezi vya beta. Hupunguza mapigo ya moyo, na imewafaa wengi wenye maradhi ya moyo. Lakini huziba pia vile vya njia za hewa, na mwenye pumu akipewa yaweza kumbana kifua kwa hatari. Karatasi itakayoziita zote mbili "dawa za vipokezi vya beta" imesema kweli tupu na haijamlinda mtu. Ikisema "kiamshi" na "kizibo", hata karani wa duka la dawa atauliza swali kabla ya kukabidhi.

Mtihani wa kipindupindu

Istilahi njema hujaribiwa kwa jambo ambalo haikutungiwa. Tuzijaribu kwa kipindupindu, ugonjwa uliojulikana pwani yetu tangu zamani. Uliipiga Zanzibar vibaya miaka ya 1869 na 1870, na mwaka 2015 ulizuka tena Tanzania na kuenea katika mikoa mingi.

Kiini cha ugonjwa huu kiko katika protini-G. Vijidudu vya kipindupindu hutoa sumu, na sehemu ya sumu hiyo, tofauti na adrenalini, huingia kweli ndani ya seli za utumbo. Humo huibandika alfa kipande cha kemikali, hata ikashindwa kuikata GTP. Kwa lugha tuliyoipendekeza, protini-G imekatazwa kulala: inakesha. Kimeng'enya nacho hukesha pamoja nayo, AMP-pete hujaa katika seli, kloridi humwagika utumboni, na maji huifuata. Mgonjwa aliyezidiwa aweza kupoteza hata lita moja ya maji kwa saa.

Msomaji aliyefundishwa "kipokezi kilichounganishwa" atauliza ni homoni gani iliyozidi, na kipokezi gani kizibwe. Aliyefundishwa kuamka na kulala ataona mara moja kwamba mapokezi hayana mgeni, na kwamba kuziba kipokezi hakutamfaa mgonjwa, kwa kuwa mwenye kukesha yuko ndani zaidi. Ataelewa pia kwa nini maji yenye chumvi na sukari humwokoa. Mlango ambao glukosi na sodiamu hupitia pamoja kuingia katika seli za utumbo ni mwingine, sumu haikuugusa, na maji hufuata humo. Maneno ya mlolongo mmoja yamemfikisha kwenye tiba bila ya kukariri.

Hoja za upande wa pili

Wako watakaosema: kwa nini tusikope tu, tukaandika risepta na agonisti kama tulivyoandika protini na homoni? Kukopa hatukukatai. Majina ya vitu visivyokuwa na jina kwetu, kama adrenalini na glikojeni, tuyakope bila haya. Lakini kupokea, kuamsha, kuziba na kulala ni kazi, na vitenzi vyake tunavyo. Neno la kazi likikopwa, msomaji hunyimwa msaada ambao lugha yake ingempa bure.

Wengine watasema kwamba jina kiamsha protini-G halikamiliki, kwa sababu imethibitika kwamba vipokezi hivi hushikana pia na protini ziitwazo arestini, ambazo huvinyamazisha na wakati mwingine hupokeza ishara kwa njia yao. Kwa ajili hiyo wako wataalamu wanaopenda kuvitaja kwa umbo, kwa yale mapito saba katika utando. Hoja hii ni nzito. Twashauri vipokezi vya mapito saba litumike pale umbo linapozungumzwa, na kiamsha protini-G pale kazi inapozungumzwa, kama jina la kimataifa linavyofanya.

Hitimisho

Katika kila neno tulilolikataa kosa lilikuwa moja: lilimfanya msomaji aone kitu kinachobebwa, hali kinachotokea ni kuamshana. Yanayopendekezwa ni haya:

Kipokezi: protini inayoshikwa na kijumbe cha kwanza na kupokeza habari yake.
Kipokezi kiamsha protini-G: kipokezi cha utando chenye mapito saba, kinachoamsha protini-G.
Upokezano wa ishara: mfululizo wa mabadiliko unaoifikisha habari ndani ya seli.
Kijumbe cha pili: molekuli ndogo inayosambaza habari ndani ya seli, kama vile AMP-pete.
Kiamshi: kinachoshika kipokezi na kukiamsha.
Kizibo: kinachoshika kipokezi bila kukiamsha.

Mapendekezo haya si amri. Yapelekwe darasani, yaandikwe katika karatasi za dawa kwa majaribio, na wagonjwa waulizwe walichoelewa. Walimu na wafasiri watakaoona neno limewapotosha wasomaji wao watuandikie, wakitaja ni picha gani ya uongo iliyojengeka, ili kamati ipate la kurekebisha.